Kiporo cha Severini

Ipo nchi moja, si mbali sana na hapa, ambayo jina lake silitaji kwa sababu kamati ya kulibadilisha bado iko kikaoni. Ni nchi ya amani. Watu wake wanaipenda serikali, na serikali inapenda kupendwa, basi mambo yanakwenda. Wana Krismasi kama sisi, na siku inayofuata wana sikukuu nyingine, tarehe ishirini na sita, wakati ambapo jua la Desemba linachoma utosi na mbwa wanahamahama wakifuata kivuli cha ukuta.

Zamani siku hiyo haikuwa na kazi yoyote. Watu walivaa tena nguo za jana, doa la mchuzi na vyote, wakapasha moto pilau iliyobaki wakala kiporo barazani. Akina mama walisukana nywele. Akina baba walicheza drafti kwa visoda, wakagombana, wakapatana. Watoto walipelekwa mtoni kuoga, na waliojiweza kidogo walikwenda studio kupigwa picha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Mchana wote mikeka ilitandikwa chini ya ukingo wa paa na watu wakalala. Kalenda iliiita Siku ya Kufungua Zawadi, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini. Ilikuwa imeandikwa hivyo tu.

Aliyeipenda siku hiyo kuliko wote katika kata ya Mtakuja ni Bi Anunsiata, fundi cherehani. Mwanawe wa pekee, Severini, alikuwa kibarua kwenye Mnara wa Shukrani kule makao makuu, na vibarua wa Mnara hawakuruhusiwa kuondoka Krismasi, maana Krismasi walitakiwa kusimama juu kabisa wakishukuru. Ruhusa yao ilikuwa siku ya pili yake, kutwa moja. Basi la asubuhi lilimshusha Severini saa tatu, basi la jioni likamrudisha. Katikati ya mabasi hayo mawili ndipo mama yake alipoiweka Krismasi yake nzima. Tarehe ishirini na tano alipika pilau, harufu ikaranda mtaa wote, halafu akafunika sufuria asionje hata punje moja. Yeye alikunywa chai na kipande cha mkate. Kesho yake aliipasha. Severini alikula nyama, akala wali, kisha akaomba sufuria yenyewe na kukwangua ukoko kwa kijiko chake, kijiko cha bati kilichopinda shingo, alichokuwa nacho tangu darasa la kwanza na ambacho hakwenda popote bila kuwa nacho.

"Wenzangu wanakwenda kwao kula pilau," alikuwa akimwambia. "Mimi mama nafuata ukoko."

Miaka sita ilikwenda hivyo. Mwaka huu wa saba, Severini alikuwa hajapiga simu wala kuandika tangu Agosti. Bi Anunsiata aliwaambia watu kwamba huko juu Mnarani mtandao haushiki. Hakuna aliyemwambia hivyo, alijiambia mwenyewe. Lililobaki moyoni mwake lilikuwa moja tu, kwamba tarehe ishirini na sita mwanawe atashuka kwenye basi, kwa kuwa haijatokea hata mara moja asishuke.

*

Sasa ikawa hivi. Mwezi wa kumi, Mkuu wa Nchi alikuwa akifunua kalenda ofisini kwake, akitafuta picha yake ya mwezi wa kumi na mbili, macho yakaangukia tarehe ishirini na sita.

"Siku ya Kufungua Zawadi," akasoma. "Nani anafungua?"

Wasaidizi wakatazamana.

"Na anafungua nini?"

Wasaidizi wakatazama viatu. Ikabainika kwamba kwa miaka hamsini taifa zima limekuwa likilala kwa kisingizio cha kazi ambayo haifanyiki. Mheshimiwa aliumia sana. Inasemekana hakugusa chakula cha mchana mpaka saa nane.

Wiki ileile ikaundwa Wizara ya Zawadi, Mapumziko na Mengineyo. Waraka Namba Moja ulisomwa redioni asubuhi, mchana na jioni: kila kaya itafungua boksi moja, uwanjani, saa nne kamili, mbele ya mgeni rasmi, kwa uso wa furaha. Waraka Namba Mbili ulieleza uso wa furaha ni upi. Waraka Namba Tatu ulipiga marufuku kufungua boksi lolote kabla ya siku yenyewe, kwani ilishagundulika kuwa wapo wananchi wenye haraka. Adhabu, miezi mitatu ndani. "Anayefungua mapema," ulisema waraka, "anaiiba furaha ya umma."

Je, wasio na boksi? Nani kasema serikali iliwasahau. Lilikuja lori zima la maboksi matupu, yamefungwa kwa gundi na utepe wa rangi za taifa, kila kaya ikapewa lake na kutia saini kwamba italirudisha. Ndani hamkuwa na kitu, na hilo halikufichwa. Wizara ilifafanua kwamba kilicho muhimu katika zawadi ni wazo.

"Mimi Krismasi hainihusu," alisema Bi Mwajabu, muuza maandazi, jirani wa ukuta kwa ukuta na Bi Anunsiata, mwanamke ambaye sala tano hazimpiti. "Lakini boksi limenihusu. Saa nne kamili nifurahie hewa."

"Furahia tu jirani," akajibu Bi Anunsiata huku anakanyaga cherehani. "Kwa jua hili hata hewa ni neema."

"Na wewe je? Basi saa tatu, uwanja saa nne. Mwanao utamwacha na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkereketa. Kutwa yenyewe moja, nayo waimege. Akapiga hesabu zake: jiko liwashwe mapema, Severini akishuka ale upesi, halafu amsindikize mama yake uwanjani, wakafungue hewa wote wawili, wacheke, warudi kwenye ukoko. Aliona inawezekana, akaendelea kushona.

*

Siku tatu kabla, alifika Telesfori, Afisa Ufunguzi wa Kata. Cheo hicho kilikuwa kipya kiasi kwamba mwenyewe alikuwa bado hajakizoea. Bi Anunsiata alimshonea kaptula za shule huyu kijana, na mwezi uliopita alimshonea sare ya uafisa, yenye vifungo vya rangi ya dhahabu mpaka kwenye mifuko ya nyuma. Nyuma yake walikuja migambo wawili, wamebeba boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Telesi. Hewa yangu hiyo umeniletea?"

"Hapana mama. Hili lina kitu."

Lilikuwa boksi la kweli, la kahawia, limefungwa kwa waya. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: ANUNSIATA, FUNDI CHEREHANI, KATA YA MTAKUJA. Chini yake: Kutoka Mnara wa Shukrani.

Bi Anunsiata aliyapapasa maneno hayo ya mwisho kwa kidole. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mkasi. Telesfori akauwahi.

"Mama, waraka."

"Limetoka kwa mwanangu hili."

"Hata kama limetoka kwa nani. Ni mpaka tarehe ishirini na sita."

"Kwa hiyo nikae nalo siku tatu nalitazama?"

"Ndiyo mama. Kulitazama kunaruhusiwa."

Akamweleza habari njema. Katika kata yote, hilo ndilo boksi pekee lenye kitu. Makao makuu yamearifiwa, na Waziri mwenyewe amefuta safari nyingine ili aje Mtakuja, na Bi Anunsiata ndiye atakayefungua wa kwanza, jukwaani, mbele ya kipaza sauti. Alisema hayo yote kama mtu anayesoma ubaoni. Halafu akainama kuandika namba ya boksi kwenye daftari lake, akaliona jambo ubavuni. Palikuwa na muhuri mdogo mwekundu wa duara.

Alikaa ameinama muda mrefu kuliko namba ile ilivyohitaji. Aliponyooka, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Akavua kofia. Halafu akawaona wale migambo wanamtazama, akaivaa tena.

"Severini alipiga simu lini mara ya mwisho, mama?"

"Agosti. Kwani vipi?"

"Nauliza tu." Akaikunja na kuikunjua kona ya daftari. "Mama, ukijisikia vibaya siku hiyo, mimi nitaandika umeugua. Hakuna atakayekulaumu. Nikuandikie hata sasa hivi."

"Niugue siku ya mwanangu?" Bi Anunsiata akacheka. "Hebu nenda zako huko, Telesi. Jua limekuingia kichwani."

Telesfori akaenda zake. Kwenye kona alisimama, akageuka kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaendelea.

*

Boksi liliwekwa juu ya kitanda cha Severini. Bi Mwajabu alikuja kulitazama, kwa kuwa kulitazama kunaruhusiwa. Walilinyanyua, likawa jepesi. Walilitikisa kidogo, kitu cha bati kikagonga kitu cha bati.

"Redio," akasema Bi Mwajabu.

"Redio ina uzito wake."

"Basi kanga, na kopo la biskuti."

"Biskuti sili, na anajua."

"Aa, basi kakuletea mkwe. Mkwe mwembamba."

Walicheka mpaka wakashikilia nguzo ya kitanda. Lakini kesho yake, Bi Anunsiata akiwa anatunga uzi kwenye sindano, swali likamjia bila kubisha hodi. Mtu anayekuja mwenyewe tarehe ishirini na sita, zawadi aitume ya nini? Si angekuja nayo mkononi? Akaacha cherehani. Alikaa pale, uzi umelegea kidoleni, akijijibu. Labda mizigo imemzidi. Labda anataka kumshtua. Labda haji, na ametuma hiki badala yake. Jibu hilo la tatu lilimuuma kiasi kwamba akainuka na kwenda kuchambua mchele, ingawa siku ya kuchambua mchele ilikuwa bado.

Krismasi ilifika. Alipika kama kawaida, iliki, mdalasini, nyama ya mbavu anayoipenda Severini. Akafunika, akanywa chai yake na mkate. Saa nane mchana kata nzima iliitwa uwanjani kwa zoezi la furaha.

Furaha ilikuwa na hatua nne, kila moja na filimbi yake. Filimbi ya kwanza, kushtuka. Ya pili, mdomo wazi. Ya tatu, mikono juu. Ya nne, kusema "Asante" kwa sauti inayofika jukwaani. Bwana Ludoviki, kinyozi, alitolewa mstari wa mbele kwa kuwa hana meno na waraka ulitaka meno yaonekane. Mama mmoja aliyefiwa na mume wiki iliyopita aliomba kusamehewa, akaambiwa anaweza kuanzia hatua ya pili. Jua likawaka, watu wakashtuka, wakafungua midomo, wakainua mikono, wakarudia, kwa kuwa upande wa kushoto ulishtuka umechelewa.

Bi Anunsiata aliona kwamba Telesfori anatazama watu wote uwanjani isipokuwa yeye. Wakati wa mapumziko akamfuata.

"Telesi, mimi ni mama yako. Usinifiche. Nyinyi maafisa mnaambiwa mambo. Mwanangu haji kesho, siyo?"

Kijana alimtazama. Halafu akaitia filimbi mdomoni akapuliza, kwa nguvu mno, filimbi ya hatua ya kwanza.

"Rudi kwenye mstari, mama," akasema. "Tafadhali."

*

Tarehe ishirini na sita alivaa gauni jipya la bluu alilojishonea kwa siku hiyo. Aliiweka sufuria juu ya jiko la mkaa, moto kidogo tu, majivu juu yake, ili Severini akishuka aikute ina joto. Akalibeba boksi kifuani akaenda kituoni.

Basi lilikuja saa tatu na dakika kumi. Walishuka masista wawili, akashuka bwana mmoja na jogoo kwapani, akashuka mama na watoto watatu waliovaa sare ya kitambaa kimoja. Mlango ukabaki wazi. Akashuka konda, mtu mzima mwenye mvi, ambaye kwa miaka sita alimjua Severini kwa jina.

"Mama Severini, heri ya sikukuu."

"Heri na kwako baba. Mbona..."

"Mwaka huu sikumwona kituoni." Konda akakuna shingo. "Nilimshikilia kiti, kile chake cha dirishani. Tulisubiri robo saa nzima, abiria wakanitukana."

Bi Anunsiata akashukuru. Akasimama pale mpaka vumbi la basi likatulia, kisha akageuza njia ya uwanjani. Alijiambia kwamba basi barua imo ndani ya boksi, itaeleza sababu. Alijisikia mnyonge, lakini alikuwa ameshika kitu kilichotoka mikononi mwa mwanawe, na alikikumbatia.

Saa nne kamili watu wote walikuwa wamepangwa na maboksi yao. Saa tano walikuwa bado wamepangwa. Saa sita wawili walianguka, wakaandikwa kama waliozidiwa na furaha. Waziri alifika saa saba kasoro, magari kumi na moja, akapanda jukwaani kwenye kivuli, akapanguswa jasho ambalo alikuwa bado hajalitoa. Alikuwa Mheshimiwa Pankrasi Mabano, mnene wa sauti, na hotuba yake ilikuwa na kurasa zake.

"Ndugu wananchi," alianza. "Zipo nchi zinazojiita zimeendelea. Huko wanafungua zawadi ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa uchoyo. Sisi tunafungua hadharani! Huko wanafungua wanatetemeka kwa baridi. Sisi tunafungua kwenye jua letu wenyewe, jua ambalo serikali hii, tangu iingie madarakani, haijalizima hata siku moja!"

Makofi. Kisha akasema, kwa upole wa kiwaziri, kwamba amesikia katika kata hii yupo mama aliyejaliwa, mama ambaye mwanawe anajenga Mnara, na mtoto wa namna hiyo hamsahau mama. Akamwita. Telesfori alimshika Bi Anunsiata mkono kumpandisha ngazi, na mkono wake ulikuwa wa baridi juani pale. Filimbi alikuwa nayo shingoni lakini hakuipuliza.

Bi Anunsiata alikataa mkasi wenye utepe. Alitoa wa kwake mfukoni, akakata waya, akafunua.

Juu kabisa palikuwa na shati. Aliitambua kola kabla hajaligusa, maana aliishona yeye, na kifungo cha pili alikirudishia kwa uzi wa kijani Desemba iliyopita baada ya wa bluu kumwishia. Lilikuwa limefuliwa, limekunjwa vizuri. Chini yake kandambili moja ya mguu wa kushoto. Kikombe cha bati. Na ndani ya kikombe, kijiko kilichopinda shingo.

Akakishika kile kijiko. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri hatua ya kwanza, na yeye alikuwa amekishika tu kijiko, kwa sababu alijua sasa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia zaidi ya hapo.

Lakini utaratibu ulitaka kadi ya zawadi isomwe na mgeni rasmi. Chini kabisa ndani ya boksi palikuwa na karatasi yenye muhuri mwekundu. Waziri akaichukua, akavaa miwani, akasogelea kipaza sauti.

"Ofisi ya Mnara inayo heshima kukuarifu," alisoma, kwa sauti ileile nene, "kwamba kibarua namba elfu nne mia nne kumi na saba, Severini, alikamilisha shukrani zake tarehe kumi na tisa Agosti, baada ya jukwaa la ghorofa ya thelathini kukatika. Amehifadhiwa kwa heshima zote katika msingi wa Mnara, na familia inaruhusiwa kuutazama. Taarifa hii haikutumwa mapema kutokana na uhaba wa maboksi, ambao Wizara ya Zawadi imeutatua. Vitu vyake ni kama ifuatavyo. Shati, moja. Kandambili, moja. Kikombe, kimoja. Kijiko, kimoja, kimepinda. Mpokeaji atie saini kwamba amevipokea vikiwa katika hali nzuri."

Alisoma mpaka mwisho. Waziri hawezi kukatiza kitu chenye muhuri. Pengine alielewa alipofika katikati, pengine hakuelewa kabisa, mimi sikuwa ndani ya kichwa chake. Ninachojua ni kwamba mkuu wa bendi alikuwa ameagizwa kuanza mara kadi ikimaliza kusomwa, naye ni mtu mwaminifu. Tarumbeta zikaanza.

Waziri akamwinamia Bi Anunsiata, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, si vizuri sana.

"Mama," akanong'ona. "Uso."

Uwanja wote ulimsikia. Na ulimsikia Bi Anunsiata akijibu, taratibu, kama mtu anayeomba radhi mezani kwa watu.

"Mheshimiwa, nimeacha sufuria jikoni."

Akalikunja shati upya, akalirudisha ndani ya boksi, kikombe na kandambili juu yake, akalibeba, kijiko akakishika mkononi, akashuka ngazi. Alipita katikati ya mistari na gauni lake la bluu. Bi Mwajabu, aliyekuwa mstari wa pili, akaliweka boksi lake chini. Halikuwa limefunguliwa. Akafunika uso kwa upande wa kanga na sauti ikamtoka, sauti ya msibani, ile inayoanzia tumboni. Aliyesimama jirani yake akaipokea. Mama aliyefiwa na mume akaipokea, naye alikuwa na ya kwake aliyoibana tangu jana. Ikaenda mstari kwa mstari mpaka kwa Bwana Ludoviki kule nyuma, na maboksi ya hewa yakawa yanaanguka chini, mepesi, na tarumbeta hazikusikika tena.

Waziri alitazama bahari ile ya watu wanaolia. Akavua miwani. Akamgeukia katibu wake.

"Andika," akasema. "Furaha imevuka lengo."

Na kweli iliandikwa. Taarifa ya Wizara, niliyoiona kwa macho yangu, inasema kwamba katika kata ya Mtakuja wananchi mia sita na kumi na wawili walitoa machozi ya furaha bila kushurutishwa. Mkuu wa Nchi aliguswa sana. Waraka Namba Nne ukatoka kabla ya mwaka mpya: kuanzia sasa kilio ni hatua ya tano, nacho kina filimbi yake.

*

Nyumbani, sufuria ilikuwa imekaa kwenye mkaa tangu saa tatu mpaka saa nane. Harufu ya kuungua ilikuwa imefika barabarani. Bi Anunsiata aliiepua kwa upindo wa gauni jipya, akakaa chini kando yake, miguu ameinyoosha mbele, na hapo ndipo alipolia. Alimwita mwanawe kwa jina la utotoni. Alimuuliza kwa nini alipanda ghorofa ya thelathini na anajua anaogopa hata ngazi ya jukwaa la shule. Bi Mwajabu alimshika mabega kwa nyuma na hakumwambia anyamaze.

Watu wakaja. Hakuna kaburi la kwenda, hakuna jeneza la kupokea, basi wakaja palipokuwa na kitu, yaani kwenye sufuria. Mikeka ikatandikwa chini ya ukingo wa paa kama siku hiyo ilivyokuwa zamani. Bi Anunsiata akainuka, akafuta uso, akaisogeza sufuria katikati yao. Kila mmoja alipata tonge mbili, tatu. Pilau ilikuwa na moshi, na hakuna aliyesema ina moshi. Walikula, na kila mkono ulichota juu juu tu. Ukoko waliuacha. Mtaa mzima ulijua ni wa nani.

Mwishoni akaja Telesfori. Hakuwa na koti la sare wala kofia. Alisimama mlangoni.

"Nilijua, mama," akasema. "Tangu nilipouona ule muhuri. Maana yake tulielezwa kwenye semina. Nikaambiwa nikisema, nami napelekwa Mnarani."

"Najua kwamba ulijua," akasema Bi Anunsiata. "Ulivua kofia."

Kijana akalia kwa kwikwi, mtu mzima na suruali yenye vifungo vya dhahabu. Hasira Bi Anunsiata alikuwa nayo, tena nyingi, ila haikuwa na pa kutua hapo barazani. Akampakulia.

"Kula. Halafu unipe hiyo karatasi nitie saini, maana najua umeibeba."

Alikuwa ameibeba. Ilikuwa mfukoni, imelowa jasho. Bi Anunsiata akajisomea mwenyewe "vikiwa katika hali nzuri," akatia saini yake ndefu ya fundi cherehani. Telesfori akamaliza kula, akasita, akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba na boksi lenyewe linahitajika, zipo taarifa nyingine zinazolisubiri. Bi Anunsiata akampa.

Jioni watu walianza kutawanyika. Basi la kurudi makao makuu lilipita, na konda, ambaye alikuwa bado hajasikia habari na alidhani labda Severini alifika kwa gari jingine, akapigisha honi mbili pale kwenye kona kama afanyavyo kila mwaka, kumwita amalizie kula. Likasimama. Likasubiri. Bi Mwajabu ndiye aliyekwenda barabarani kumwambia, na basi likaondoka polepole bila honi.

Bi Anunsiata akaivuta sufuria katikati ya magoti. Miaka sita alipika ukoko huo na hakuwahi kuuonja, alikuwa akimwachia. Akachukua kijiko kilichopinda shingo, akajifunza kukishika, maana kilipindia upande wa mkono wa Severini. Akakwangua, akatia mdomoni. Ulikuwa mweusi na mchungu. Akaula wote.